Gari Lililoacha Kunywa Oili

Bi Zuhura aliingia kwenye gereji ya Devotha Jumatatu asubuhi akiwa na uso wa mtu aliyetoka kupewa habari njema. Aliegesha gari lake jekundu kando ya karo la kuoshea spea, akafungua mlango, akatanguliza mguu mmoja, akashika ukingo wa paa, kisha akajivuta juu kama mtu anayetoka kisimani. Gari lilikuwa la chini mno, na yeye alikuwa amejaliwa mwili.

"Shikamoo mama," Devotha alisema, akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja unibadilishie plagi tu. Likipata moto linagoma kuwaka mpaka nilisubiri lipoe. Lakini lile jambo kubwa limekwisha. Halinywi oili tena."

"Halinywi?"

"Hata tone. Wiki tatu sasa. Nachomoa kijiti cha kupimia kila asubuhi, oili iko palepale."

Mtaa mzima wa Bigwa ulilijua gari lile. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, la miaka ya themanini, lenye taa zinazolala ndani ya boneti mchana na kuchomoza jioni kama macho ya chura. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa Mkuyuni, muuza viungo wa miaka mingi katika soko la Morogoro mjini. Mteja wake mmoja wa mdalasini, mhadhiri wa chuo kule Mazimbu, alipopata uhamisho hakujua amwachie nani gari ambalo mafundi walilikimbia. Bi Zuhura akamwambia, "Niachie mimi." Watu walidhani anatania. Wiki iliyofuata wakamwona anapita, mtandio umefungwa vizuri, mikono yote miwili kwenye usukani, na mlio wa injini ukiwa kama wa nyuki walioudhiwa.

Mhadhiri alikuwa amempa onyo moja tu. "Lina kiu ya oili. Usiulize kwa nini, wewe liongezee." Na Bi Zuhura aliliongezea mwaka mzima. Lakini kila aliyemwona akimimina alitikisa kichwa. Gari linalokunywa oili ni gari linalokufa, ndivyo wanavyojua watu wote. Mdogo wake, Salehe, anayelima karafuu huko Mkuyuni, alisema lile si gari, ni kibatari.

Maneno hayo yalimuuma. Ndipo akalipeleka kwa Evance, fundi mwenye gereji pale njia panda, ambaye alilitazama nusu saa na kulimaliza tatizo.

Devotha aliweka kitambaa chini. Alinyanyua boneti, akainama, akawasha tochi ya simu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la miwa, na alikuwa na tabia ya kunyamaza anapokagua jambo zito. Upande wa mbele wa injini, chini kidogo, kulikuwa na pampu ndogo ya chuma isiyozidi ngumi ya mtoto. Juu yake kulikuwa na matundu mawili ambayo yangepaswa kuwa na paipu nyembamba. Paipu hazikuwepo. Kila tundu lilikuwa limefungwa kwa bolti mpya, imekazwa vizuri, kazi safi kabisa. Na kwenye kabureta, zilipokuwa zikiingia paipu hizo, matundu mengine mawili yalikuwa yamezibwa vivyo hivyo.

Devotha aliinuka.

"Mama, umeliendesha sana tangu litengenezwe?"

"Sokoni na kurudi. Mara mbili nilikwenda Mazimbu. Kwa nini?"

"Naomba lisiwashwe tena kwanza."

Furaha ilianza kumtoka Bi Zuhura usoni. "Devotha, mimi nimekuja kwa plagi."

"Najua, mama. Kaa hapa kwenye stuli nikuonyeshe. Hii injini si kama za magari mengine. Zile nyingine zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii haina pistoni hata moja. Ndani yake kuna mapande mawili ya chuma yenye pembe tatu, kila moja kama sambusa, yanazunguka ndani ya vyumba vyao. Kwenye kila ncha ya sambusa pamepachikwa kipande chembamba cha chuma kinachogusa ukuta muda wote, ili pumzi isivuje. Umenielewa hapo?"

"Sambusa nazijua."

"Sasa kile kipande kinakwaruza ukuta mara maelfu kwa dakika. Kikikauka, kinaumia na ukuta unaumia. Kwenye injini ya pistoni, oili inarushwa kutoka chini, inalainisha ukuta, na pistoni inaipangusa irudi ilikotoka. Huku hakuna njia hiyo. Kwa hiyo waliounda wakaweka hii pampu. Inachota oili ya injini, kidogo kidogo, tone kwa tone, inaipeleka kwa paipu mbili mpaka kwenye kabureta. Pale inaingia pamoja na petroli, inapita kwenye zile ncha, inazilainisha, kisha inaungua na kutokea kwenye eksozi."

Bi Zuhura aliitazama pampu, kisha akamtazama Devotha. "Kwa hiyo ile oili iliyokuwa inapungua..."

"Ilikuwa inakwenda kazini, mama. Evance amefunga njia yake."

Nyuma ya ukuta wa gereji mtu alikuwa anapasua kuni, na Devotha alihesabu mapigo sita ya shoka kabla hajasikia jibu, na jibu lenyewe halikuwa alilolitarajia.

"Kama pikipiki ya baba," Bi Zuhura alisema polepole. "Baba alikuwa na pikipiki ya kuchanganya. Mimi ndiye nilikuwa nachanganya, nikiwa na miaka kumi. Oili kidogo ndani ya petroli, unatikisa dumu, unamimina. Siku moja Salehe alijitia mjuzi, akaweka petroli tupu. Baba alikwama kilimani, injini imeng'ang'ania. Alirudi akiisukuma kwa miguu, na Salehe akalala kwa shangazi siku mbili." Akaguna. "Kumbe na mimi leo ndiye Salehe."

"Si wewe. Na Evance naye hakufanya kwa ubaya."

"Limekufa?"

Hilo ndilo swali ambalo Devotha alikuwa akiliogopa. Alifungua plagi za chumba cha kwanza, akamwomba Bi Zuhura aingie garini apige starta kwa sekunde chache tu. Yeye akaweka sikio karibu na tundu. Injini ya namna ile, ukiizungusha bila plagi, inapumua: pu, pu, pu, pumzi tatu, moja kwa kila ncha. Chumba cha kwanza kilipumua sawasawa. Akahamia cha pili. Pu, pu, kisha kitu kama mtu anayepuliza chai isiyo moto sana.

"Tena kidogo, mama."

Pu, pu, fuu.

"Halijakufa," alisema alipoinuka. "Ncha moja imekauka, imeanza kung'ang'ania mahali pake. Inawezekana ikilainishwa ikarudi. Inawezekana isirudi. Sitaki nikudanganye."

"Jumamosi nina maulidi kwa Salehe. Nimemwambia nakuja na gari langu. Ameniambia nidandie lori la ndizi kama kawaida yangu, hili dude halifiki Mkuyuni. Nikamwambia utaona." Alijitengeneza mtandio. "Jumamosi, Devotha."

"Nitajaribu. Lakini nitamhitaji Evance. Zile paipu alizozitoa, ncha zake za shaba hazipatikani dukani Morogoro hii. Kama amezitupa, tumekwisha."

Bi Zuhura alitoa simu kwenye mkoba palepale, na hakupunguza sauti. "Evance, mwanangu, vile vipaipu vya gari langu uliviweka wapi? Vilete kwa Devotha. Ndiyo, Devotha. Uje navyo wewe mwenyewe."

*

Evance alikuja kesho yake saa nne, na uso umekunjamana. Alikuwa mtu mrefu, fundi mzuri wa malori, anayeaminiwa na madereva wa njia ya Dodoma. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Alilitua mezani kwa kishindo kidogo.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, kaka Evance. Karibu."

"Nasikia nimeharibu gari la watu." Hakukaa. "Mama alikuja kwangu analia oili inapungua. Nikatafuta inapopotelea. Nikaikuta inapelekwa moja kwa moja kwenye kabureta ikaungue. Fundi gani mwenye akili anaacha oili iingie kwenye kabureta? Nikafunga. Oili ikaacha kupungua. Sasa kosa langu nini?"

Devotha alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa maneno makali kuliko hayo, na alikuwa na majibu yake. Lakini alipomwona amesimama pale na kopo lake, na kuona kwamba hata hivyo alikuwa ametunza vile vipande na kuvileta, akayaacha majibu yote.

"Hata mimi nilifunga," alisema.

"Ulifunga nini?"

"Pampu kama hii. Dar, mtaa wa Gerezani, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Fundi wangu, mzee Dadi, alikuwa amesafiri. Akaja mwenye gari kama hili, analalamika kama Bi Zuhura. Nikaona vipaipu viwili vinapeleka oili kwenye kabureta, nikajiona nimegundua jambo ambalo Wajapani hawakuliona. Nikafunga. Yule bwana alifurahi akaninunulia soda. Baada ya miezi minne gari lilirudi linavutwa kwa kamba. Tulipoifungua injini, kuta zilikuwa zimekwaruzwa kama paka ameingia humo na kucha zake. Mzee Dadi hakunigombeza. Alisema tu, 'Mwenye gari yuko nje. Nenda ukamweleze.'"

Evance alivuta stuli, akakaa. "Ukaenda?"

"Nikaenda. Nilimweleza yote. Ilikuwa safari ndefu kuliko ya kutoka hapa mpaka Dodoma, na palikuwa hatua kumi tu."

Evance alicheka kidogo puani, bila kutaka. Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na ncha nne za shaba, zimefutwa safi, na vipande vya plastiki iliyokauka. "Paipu zenyewe zilikuwa zimezeeka. Nilipozigusa zikakatika. Ndiyo maana nilizitoa kabisa."

"Basi tunahitaji paipu nyingine. Nyembamba, isiyolainika kwa joto wala kwa oili. Mpira wa kawaida hautafaa. Nimezunguka maduka yote jana."

Evance alikunja paji la uso, safari hii si kwa hasira. Akachukua ncha moja, akaizungusha kwenye vidole, akapima tundu lake kwa jicho. "Malori yana paipu nyembamba za upepo, za kwenye gia. Nailoni ngumu. Zinakaa kwenye oili na joto miaka kumi. Ninazo mpya, roli nzima." Akasimama. "Nisubiri."

Alirudi baada ya nusu saa amebeba roli ya paipu nyeusi begani na hita ya kupashia plastiki. Wakafanya kazi bega kwa bega mpaka adhuhuri. Paipu ilikuwa ngumu kuingia kwenye shaba. Evance akaipasha kidogo, akaisukuma kwa mkono mmoja tu, kazi ambayo Devotha alikiri angeifanya kwa siku nzima na malengelenge juu. Wakafungua bolti zilizoziba pampu. Chini ya bolti moja oili ilikuwa imetafuta njia yake na kuchuruzika nje kidogo.

"Ilikuwa inasukuma," Evance alisema, akiligusa lile tone. "Muda wote huu ilikuwa inasukuma tu."

*

Jumatano Bi Zuhura alifunga meza yake sokoni mapema akaja kushuhudia. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi, akisema mtu hawezi kutazama upasuaji na tumbo tupu.

Kwanza Devotha alichanganya petroli. Alikuwa amenunua oili ya mashine za kukatia mbao, ile ambayo wapasua mbao wa milimani huichanganya na petroli. Kizibo kimoja cha chupa ya maji kwa kila lita moja, akaeleza, kwa sababu katika jaribio hili paipu hazitaingia kwenye kabureta, na injini isibaki kavu. Alipotaka kutikisa dumu, Bi Zuhura alimnyang'anya.

"Hii kazi ni yangu. Nimeifanya kabla wewe hujazaliwa."

Akalitikisa kwa mikono miwili, mwili mzima ukitikisika naye, na Evance akageuka kando kuficha meno.

Kisha Devotha alichukua mabomba mawili ya sindano aliyoyanunua duka la dawa, akatoa visukumio vyake, akayaziba chini, akayafunga kwa waya wima juu ya injini. Ndani ya kila bomba akatumbukiza mwisho wa paipu moja. "Kitabu kinasema injini ikizunguka mara elfu mbili kwa dakika, kwa dakika sita, kila paipu itoe kama mililita mbili. Isipungue sana. Mama, shika simu, utuhesabie dakika. Kaka Evance, wewe shika waya wa mafuta hapa, mshale usimame kwenye mbili."

Gari liliwaka kwa shida, likakohoa moshi mweupe mwepesi, kisha likatulia na kuanza kunguruma. Evance akalipandisha mpaka elfu mbili. Wote watatu wakainama juu ya vile vibomba kama watu wanaosubiri kuku aangue.

Dakika ya kwanza ikapita bila kitu. Kwenye paipu nyeusi huwezi kuona kinachokuja.

"Haitoi," Evance alisema.

"Paipu ni tupu. Acha ijae."

Dakika ya pili. Bi Zuhura alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, na katikati ya hesabu alikuwa anachomeka dua. Kisha kwenye mdomo wa paipu ya kulia kikatokea kitone cha dhahabu, kikaning'inia, kikanenepa, kikadondoka. Baada ya muda, na ya kushoto.

"Hesabu upya, mama," Devotha alisema. "Dakika sita kuanzia sasa."

Ilikuwa polepole mno. Tone, kisha kungoja, kisha tone. Evance, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kuchoka kwenye waya, alikuwa hatazami tena mshale bali kijifimbo chembamba kilichounganisha kabureta na mkono wa pampu. Alivuta waya kidogo; kijifimbo kikasogea, mkono wa pampu ukainuka. Akauachia, ukashuka.

"Kumbe inafuata mguu," alisema. "Ukikanyaga mafuta mengi, inatoa oili nyingi. Ukitulia, inatulia."

"Ndiyo kazi yake. Haimwagi ovyo, inapima."

"Na mimi nikaiona kama tundu la kuvuja." Alitikisa kichwa. "Mtu alikaa akafikiria jambo hili, fundi. Alikaa akafikiria hasa."

Dakika sita zilipotimia, bomba la kulia lilikuwa na mililita mbili kasoro kidogo. La kushoto lilikuwa na moja na nusu. Devotha alitafuta skrubu ndogo ya pembeni mwa pampu, akaizungusha robo, wakaanza upya. Wakarudia mara tatu. Bi Zuhura aligawa maandazi kati ya jaribio na jaribio, na safari ya mwisho, vibomba vyote viwili vilipokaribia alama, alisema sasa amechoka kuhesabu dakika na Mungu anajua kwamba zimetosha.

Wakaunganisha paipu kwenye kabureta. Devotha akafungua tena plagi za chumba cha pili. Alikuwa ameahirisha jambo hilo mchana kutwa. Injini ilikuwa imezunguka zaidi ya nusu saa kwa petroli iliyochanganywa. Kama ile ncha iliyokauka ilikuwa na nia ya kurudi, ingekuwa imerudi.

"Mama, piga starta."

Evance naye aliinamisha kichwa, masikio yao yakakaribiana.

Pu, pu, pu.

Ya tatu bado haikuwa na nguvu kama ndugu zake. Lakini ilikuwa pumzi, haikuwa tena kupuliza chai.

"Vipi?" Bi Zuhura aliuliza kutoka ndani.

"Limekusamehe," Evance alijibu. Kisha akatoka pale alipokuwa, akaenda mpaka kwenye mlango wa gari, akachuchumaa ili awe usawa wa uso wa mama. "Mama, mimi ndiye niliyefunga. Sikujua, lakini nilipaswa kuuliza kwanza. Naomba radhi."

Bi Zuhura aliachia ufunguo. "Umekula maandazi?"

"Nimekula."

"Basi yamekwisha. Jumamosi utakuja Mkuyuni na sisi kwenye pilau. Devotha pia. Nani atalisukuma likikwama?"

*

Halikukwama. Jumamosi asubuhi waliondoka Bigwa, Bi Zuhura kwenye usukani, Devotha pembeni yake, na Evance amekunjwa kwenye kiti cha nyuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mikoba, magoti yakiwa karibu na kidevu, mfuko wa viungo vya pilau mapajani. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni. Kwenye vipande vya vumbi na mawe Bi Zuhura aliendesha kama anayebeba mayai, akikwepa kila jiwe, na mara mbili Evance aliteremka kutazama chini kama eksozi bado ipo. Kwenye vilima alikanyaga mafuta, na injini ikaimba bila kutetemeka, na kila alipofanya hivyo Evance alisema nyuma, "Sasa hivi mkono wa pampu umeinuka," mpaka Bi Zuhura akamwambia ameshaelewa.

Kijiji kizima kilikuwa barabarani, maana siku hiyo ilikuwa pia ya soko. Wanawake waliokuwa wakipanga ndizi na mafenesi waliacha kazi. Taa za chura zilipochomoza, kwa sababu Bi Zuhura aliziwasha makusudi mchana kweupe, vigelegele vilianzia upande mmoja wa soko vikaishia upande wa pili.

Salehe alitoka uani amevaa kanzu nyeupe na kofia, mkononi ameshika mwiko mkubwa wa pilau. Alilizunguka gari mara moja. Akanusa.

"Linanuka moshi wa pikipiki ya baba," alisema.

"Ndivyo linavyotakiwa kunuka," Bi Zuhura alijibu. "Kachukue viungo vyako, wapishi wanasubiri. Na hawa ni wageni wangu, mafundi wangu wawili. Wape mahali pazuri pa kukaa."

Maulidi yalisomwa, dua zikaombwa, pilau ikaliwa kwenye sinia, watu sita sita. Salehe alikaa na mafundi, na alipomaliza kunawa alianza kuuliza. Aliuliza injini isiyo na pistoni inazungukaje, na Devotha akamweleza kwa sambusa iliyobaki kwenye sahani. Aliuliza kwa nini oili ipungue, na Evance ndiye aliyejibu, kwa kirefu, akionyesha kwa vidole jinsi mkono wa pampu unavyofuata mguu, kama mtu aliyeijua habari hiyo tangu utotoni. Devotha alimwacha aimalize.

"Kwa hiyo mtu akiona haipungui," Salehe alisema, "hapo ndipo aogope."

"Hapo ndipo akimbilie kwa fundi," Evance alisema. "Na amuulize fundi huyo kama anajua anachokifanya."

Salehe alifikiri kidogo. Kisha akamwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba wiki ijayo ana miadi ya daktari mjini, na kwamba lori la ndizi linamuumiza mgongo. Bi Zuhura alisema atamfuata saa mbili, awe tayari, asimcheleweshe.

Walirudi alasiri. Evance alibaki, amepata mtu mwenye lori bovu nyuma ya msikiti na hakuweza kuliacha. Walipofika kwenye lami Bi Zuhura alisimamisha gari, akateremka kwa taratibu zake zote, akaja upande wa Devotha akafungua mlango.

"Hamia kule. Pilau imenizidi, macho yananifumba."

Devotha alikuwa ameifungua injini kama ile, ameifunga, ameisikiliza na kuitibu, lakini hakuwahi kuliendesha gari lenyewe barabarani. Alirekebisha kiti. Akaondoka kwa adabu, gia ya kwanza, ya pili. Pembeni yake Bi Zuhura alikuwa tayari anakoroma, mkoba kifuani. Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina mtu. Akakanyaga.

Hakukuwa na ule mtikisiko aliouzoea kwenye magari mengine, ule wa injini kulalamika kadiri inavyozidi kuzunguka. Ilizidi tu kuwa laini. Elfu nne, elfu tano, sauti ikapanda juu kama uzi unaovutwa. Aliiwazia ile pampu ndogo mbele ya miguu yake, mkono umeinuka mpaka juu, matone yakikimbizana. Elfu sita, mshale ukikaribia alama nyekundu. Alijikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Kisha kengele kali ikalia ndani ya dashibodi, nee, nee, nee, na Devotha akashtuka, macho yakaruka kwenye mshale wa joto, kwenye taa ya oili, akitafuta alichokosea.

Bi Zuhura hakufumbua macho.

"Badili gia, mwanangu," alisema, akageukia dirishani kuendelea na usingizi.